Mkebe wa sarafu pale Hola

Msomaji mpendwa, ikiwa umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Garissa, bila shaka umepita njia ya Hola bila kushuka. Sikulaumu. Joto la pale halina mzaha, na abiria wengi wakishaiacha Garsen nyuma mawazo yao huwa yamekwisha fika waendako. Lakini safari ijayo mwambie utingo akushushe, utafute bodaboda ikuingize mjini, unywe maji, kisha uelekee sokoni bila haraka.

Mimi nilishukia Hola kwa ajili ya sarafu. Nimekuwa nikizikusanya tangu utotoni, marehemu babangu aliponipa senti kumi yenye tundu katikati. Maduka ya vitu vya kale ya Mji wa Kale wa Mombasa nimeyazoea, na wenye maduka wamenizoea pia, hata bei wananitajia kabla sijauliza. Rafiki mmoja ndiye aliyeniambia, "Nenda Hola, kuna mzee ana mkebe."

Usitarajie kuona kibao kilichoandikwa vitu vya kale. Duka lenyewe ni la kamba, sukari, majani chai, betri na taa za chemli. Mzee mwenyewe ni Mpokomo, amepita miaka sabini, na hununua vyuma chakavu na shaba kutoka kwa yeyote amleteaye. Ukitoa salamu vizuri na kukaa kidogo, atainama chini ya meza atoe mkebe wa maziwa ya unga. Humo ndimo ilimo hazina.

Alinimwagia sarafu hizo juu ya gunia. Nyingi zilikuwa senti zenye tundu, zile ambazo wazee wetu walizitunga kwenye uzi wasizipoteze, na sumuni, na shilingi zenye simba amesimama mbele ya milima. Ndizo pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919. Kabla ya hapo tulitumia rupia za Bara Hindi, na ndiko lilikotoka neno letu pesa, kama vile wenzetu wa Tanzania walivyolipata neno hela kutoka kwa heller ya Mjerumani.

Ukiona shilingi ya simba, msomaji, tazama mwaka kwanza. Zile za kuanzia 1921 hadi 1946 zina fedha halisi, robo ya uzito wake. Za kuanzia 1948 hazina hata chembe. Na senti kumi ya 1936 usiitupe kabla hujaisoma jina. Mwaka huo Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari, akaacha kiti mwezi wa Desemba. Huko kwao sarafu zenye jina lake hazikutolewa kwa matumizi ya umma. Huku kwetu zilitolewa, kwani sarafu yenye tundu haina kichwa cha mfalme, jina tu linatosha. Kwa hivyo mkulima wa ndizi kando ya Mto Tana aliweza kumtia mfukoni mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumtia. Usidhani lakini kwamba utatajirika. Zilitengenezwa nyingi mno.

Jambo jingine, nakusihi, usisugue sarafu ya kale kwa majivu wala ndimu. Mimi niliisugua ile ya babangu nilipokuwa na miaka tisa, ikang'aa kama mpya, na hadi leo najuta.

Nilikuwa nimekwisha chagua shilingi moja ya 1952 nilipouona mkufu. Ulikuwa umefungwa ndani ya kitambaa, chini kabisa ya mkebe. Riale saba za fedha, kila moja imetiwa kishikizo, zimetungwa pamoja na shanga nyekundu. Moyo ulinidunda. Riale ni ile sarafu kubwa yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, gramu 28, iliyotembea kutoka Uhabeshi hadi Uarabuni na pwani yetu yote, na masonara wakaigeuza mapambo. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia, lakini tarehe hiyo isikudanganye: ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile hata baada ya karne nzima kupita. Umri wake huwezi kuusoma kwenye tarehe. Kwenye riale hizi uliweza kuuona ulivyolika uso wa malkia, pua imekwisha, kwa kusuguana na vifua vya wanawake, mama kwa binti.

"Mzee, huu ni bei gani?"

"Huo si wa kuuzwa, mwanangu. Ni rehani."

Akanieleza. Ilikuwa mwaka wa 2022, mwaka wa ule ukame uliomaliza mifugo kote Tana River. Mama mmoja mfugaji alikuja kuchukua unga na sukari kwa deni, ng'ombe wake wamekufa, akauacha mkufu wa nyanyake. Deni lilikuwa limefika shilingi 9,000.

Nitakuambia ukweli, ingawa hauniletei sifa. Niliahidi kulipa 3,000 kwa kila riale, yaani 21,000 kwa mkufu mzima. Nikamwambia mzee ajikatie deni lake na kinachobaki ampe yule mama, kwamba hiyo itakuwa ni kumsaidia. Nilisema hivyo kwa sauti ya huruma kabisa. Mzee akanitazama, akaanza kuufunga mkufu kitambaani.

"Sisi Wapokomo tulikuwa na ngoma," akasema. "Unaijua Ngadji?"

Naijua, na pengine wewe pia umesikia habari zake. Ni ngoma takatifu ya Wapokomo, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Tangu 1908 imo katika jumba la makumbusho la British Museum, London, ikiwekwa ghalani.

"Kitu kikishavuka mto huu hakirudi," akasema mzee. "Mama yule anajua mkufu uko hapa. Wewe akuulize wapi?"

Sikuwa na jibu. Sheria yetu ya makumbusho ya mwaka wa 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini bila idhini ni kosa. Lakini mimi sikutaka kuutoa nchini, nilitaka kuupeleka nyumbani kwangu tu. Sheria haikunizuia. Aliyenizuia ni muuza kamba.

Nililipia shilingi yangu ya 1952, nikatoka nayo kwenye jua. Ina jina la Mfalme George wa Sita, aliyefariki Februari mwaka huo huo; Oktoba hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Hapa Hola matokeo yake unayakanyaga. Mifereji ya mradi wa kunyunyizia maji ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau, na tarehe 3 Machi 1959 askari wa kambi waliwapiga wafungwa waliokataa kazi hadi 11 wakafa. Serikali ilitoa habari kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Walizikwa huku huku. Mwaka wa 1989 mto wenyewe ulihama njia ukaziacha pampu za mradi pakavu, na ikachukua miaka mingi mashamba kufufuliwa. Nilisimama kando ya mfereji mmoja, ile shilingi kiganjani, nikijaribu kufikiri ni nani aliyeishika kabla yangu.

Nilirudi Hola baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023. Duka lilikuwa na alama ya maji ukutani, karibu kufika magotini, lakini mkebe ulikuwa umepandishwa rafuni. Sikungoja kukaribishwa, nikauliza habari za mkufu. Mzee akakifungua kile kitambaa. Riale zilikuwa nne.

"Tatu amezichukua," akasema. "Anauza maziwa sasa. Huja baada ya mwezi, baada ya miezi miwili, analipa kidogo anatungua moja."

Nikaziangalia zile nne zilizobaki. Siwezi kukudanganya, msomaji, mkono uliwasha. Mzee akakikunja kitambaa, akaurudisha mkebe mahali pake, na kuniuliza kama nilikuwa nahitaji kamba.