Mstari Unaoshikika

Wanaouza rangi mjini hawana habari na vidole. Ingia duka lolote la vifaa vya shule, liwe la Kariakoo au la Posta, utakuta kila kitu kimepangwa kwa ajili ya macho. Nyekundu na kijani ukizipapasa ni kitu kimoja. Mwenye macho mazima hawazi jambo hili hata siku moja. Mimi nimeliwaza kwa ajili ya mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka 9, asiyeona tangu azaliwe.

Shuleni kwake, kipindi cha kuchora kikifika, alikuwa akipewa kazi ya kulinda mabegi ya wenzake. Mwalimu hakuwa mkali. Aliona anamwonea huruma tu. Siku moja mtoto akamwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayetaja bei ya vitumbua, "Mama, kuchora ni kwa watu." Dada hakulia mbele yake. Alinipigia simu mimi: "Wewe si ndiye msanii wa ukoo? Haya, fanya kitu."

Basi nikaingia mtaani. Duka la kwanza muuzaji akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi, nikamweleza hali yake. Akairudisha boksi ya kreyoni kwenye shelfu polepole, kama anayeniokoa nisitupe hela. "Haoni? Sasa rangi za nini, braza? Si umnunulie redio."

Msomaji, usimcheke. Wengi wetu tungeuliza hivyohivyo. Lakini jibu lipo. Yuko mchoraji wa Uturuki, Esref Armagan, aliyezaliwa mwaka 1953 bila uwezo wa kuona. Huyu bwana hukwaruza mistari yake kwa kalamu ya nukta nundu ili aishike, kisha hupaka rangi kwa vidole, moja moja, akisubiri ya kwanza ikauke. Naye mtaalamu wa saikolojia wa Toronto, John M. Kennedy, mwaka 1993 alitoa kitabu kizima, Drawing and the Blind, kuonyesha kwamba wasioona wanaielewa michoro ya mistari na wanaweza kuichora. Kumbe mkono unajua umbo. Kinachokosekana ni mstari unaoshikika.

Vifaa vya kuchora mistari ya kupapaswa vinatengenezwa ng'ambo, na bei yake pamoja na usafiri si ya mfuko wangu. Lakini ipo njia ya maskini. Nilikwenda Gerezani kwa fundi wa madirisha, akanipa kipande cha wavu wa chuma wa kuzuia mbu, masalio tu. Nikaupigilia juu ya plaiwudi, nikakunja kingo zake na kuzibandika utepe mzito zisimchome. Juu yake unaweka karatasi ya kawaida, unachora kwa kreyoni ukikandamiza. Ile nta inashika vijivimbe vya wavu, mstari unabaki na mikwaruzo. Mtoto anaufuata kwa kidole palepale, anajua ametoka wapi na anaelekea wapi.

Vingine havikutoka duka la vifaa vya shule hata kidogo. Msasa wa maseremala, wa aina tatu. Kamba ya katani. Uzi wa sufi, vifungo na vipande vya kitenge kwa mafundi cherehani. Gundi nyeupe, ambayo ukiichorea na kuiacha usiku kucha, asubuhi imekauka ikiwa imeinuka kama mshipa. Kwenye rangi za maji tukatia mdalasini katika nyekundu, karafuu ya unga katika kahawia, na mchanga katika njano. Nyumba nzima ilinukia pilau. Shemeji, aliyekuwa akisema mtoto ajifunze kitu cha maana, akaja kuuliza kunapikwa nini. Akaishia kukaa mkekani.

Nikamwambia mpwa wangu achore daladala. Nilitarajia boksi na magurudumu manne. Yeye akachora bomba refu la juu kwa kamba, ngazi mbili, kiti chenye sponji iliyochanika (sponji ya kweli, alinitoa mbio kuitafuta), na msururu wa vifungo. Nikauliza, "Hivi vifungo ni nini?"

"Shati la konda, mjomba. Linanipitia usoni kila siku."

Magurudumu? Hakuweka. Hajawahi kuyapanda magurudumu, amepanda daladala.

Wenzangu mnaojifunza kuandika, mimi nimekaa na picha ile nikafungua daftari langu la hadithi. Kila ukurasa: aliona, alitazama, alimwangalia. Wahusika wangu wanapanda magari ambayo hayana hata harufu. Sisemi kwamba mtoto asiyeona yupo duniani ili atufundishe sisi. Ana shughuli zake. Nasema amelichora gari kutoka ndani, mimi miaka yote nalielezea nikiwa kituoni.

Mabegi siku hizi yanajilinda yenyewe. Ule ubao wa wavu anakwenda nao shule, na wenye macho wanapanga foleni kuuazima. Sasa anataka kuchora bahari ya Kigamboni, na ameniagiza kitu kinachokaa baridi hata jua likiwa kali. Nimejaribu kigae, amekikataa. Anayejua kinakouzwa aniambie.