Munster hadi La Rochelle: Nyayo za Ronan O'Gara

Katika uwanja wa raga wa Thomond Park, mjini Limerick, Ireland, mpigaji akishatenga mpira wa penalti, watu wote hunyamaza, na mgeni hupewa heshima ileile anayopewa mwenyeji. Kule La Rochelle, pwani ya magharibi ya Ufaransa, nilikuta mambo mengine kabisa: ngoma, nyimbo, bendera za njano na nyeusi, miluzi ikimwandama mpigaji wa timu pinzani. Sijui mtu mwingine aliyependwa na mashabiki wa namna hizi mbili kama Ronan O'Gara.

Alizaliwa San Diego, Marekani, mwaka 1977, akalelewa Cork. Enzi za uchezaji hakwenda mbali. Tangu 1997 hadi 2013 alivaa jezi ya Munster, mojawapo ya majimbo manne ambamo raga ya kulipwa ya Ireland imekusanywa. Chama cha taifa ndicho kinachoshika mikataba, na mchezaji anayehamia nje huiweka rehani nafasi yake katika timu ya taifa. Akabaki. Alitwaa Kombe la Ulaya mwaka 2006 na 2008, mara zote mbili Cardiff. Na ni Cardiff hiyohiyo, tarehe 21 Machi 2009, zikiwa zimesalia dakika chache, alipoudondosha mpira, ukadunda, akaupiga ukapita kati ya milingoti. Ireland iliishinda Wales 17-15 na kupata Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za michuano, kwa mara ya kwanza tangu 1948. Alistaafu akiwa na mechi 128 za taifa na pointi 1,083.

Wenzake wengi hutua mizigo hapo. Yeye ndiyo kwanza akafunga safari. Alikwenda klabu ya Racing, viungani mwa Paris, kufundisha upigaji na ulinzi, huku akijifunza kuongoza watu kwa Kifaransa. Mwaka 2016 Racing ilicheza fainali ya ligi mjini Barcelona ikiwa na watu 14 kwa takriban saa nzima baada ya kadi nyekundu, na bado ikaishinda Toulon 29-21 mbele ya watazamaji 99,124.

Kisha, mwaka 2018, akavuka dunia hadi Christchurch, New Zealand, kuwa kocha msaidizi katika timu ya Crusaders. Uamuzi huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Mtu mwenye jina kama lake alikubali kuwa mwanafunzi tena, katika mji uliopoteza watu 185 kwa tetemeko la ardhi la 2011, na ambao timu yake ilikuwa bado inachezea uwanja wa muda. Crusaders ilitwaa ubingwa mwaka 2018 na 2019.

La Rochelle ilimchukua kuwa kocha baada ya hapo. Huu ni mji wa bandari wenye minara ya kale na baiskeli nyingi, na uwanja wake umepewa jina la Marcel Deflandre, rais wa klabu aliyeuawa na Wanazi mwaka 1944. Ukitembea mitaani unaelewa kwamba timu ni ya mji. Haikuwa imewahi kuwa bingwa wa Ufaransa wala wa Ulaya. Mwaka 2021 ilipoteza fainali zote mbili kwa Toulouse, na makocha wengi wangevunjika moyo.

Mwaka uliofuata, katika fainali ya Ulaya jijini Marseille, iliishinda Leinster ya Dublin 24-21 kwa trai ya dakika za mwisho. Mei 2023 timu hizo zikakutana tena fainali, safari hii Dublin kwenyewe, na Leinster ikatangulia 17-0 kabla ya robo saa. Kikosi kile kilijaa wachezaji wa taifa la Ireland, waliokulia katika mfumo uleule uliomlea O'Gara. Naupenda mfumo huo kwa jinsi unavyotunza vijana, lakini naamini usingempa peke yake alichokipata Racing na Christchurch. La Rochelle haikubabaika. Ilirudi hatua kwa hatua, Georges-Henri Colombe akafunga trai dakika za mwishomwisho, na Antoine Hastoy, namba 10 kama alivyokuwa kocha wake, akaongeza pointi mbili: 27-26.