Nilinusa marashi, sikuuliza

Leo siwaletei habari za mapigano wala za mgawo wa unga. Nataka kusahihisha kosa langu mwenyewe, hata kama nimechelewa.

Ilikuwa mwaka 2024, watu wa Masisi na Sake walipokuwa wamejaa Bulengo, magharibi mwa Goma. Nilikwenda kambini kutafuta habari ya maji. Nilipokuwa napita kati ya mahema, juu ya yale mawe meusi ya volkano, katikati ya moshi wa kuni nikasikia harufu ya matunda matamu na maua ya waridi. Mama mmoja alikuwa ameketi mlangoni pa hema lake, ameshika kichupa chenye picha ya jumba la dhahabu na maandishi ya Kiarabu.

Sikumuuliza kitu. Kesho yake asubuhi nilifunga ripoti yangu hewani kwa maneno haya: “Wakati wengine wanalia njaa, kuna wengine kambini wanapaka marashi ya Uarabuni.” Studioni walicheka. Nami nikacheka.

Siku chache baadaye nilirudi Bulengo. Mama yule alinifuata penye bomba la maji.

“Mwanangu, ni wewe wa redio?”

“Ndiyo, mama.”

“Wewe ulinusa, hukuuliza.”

Akaniketisha, akanieleza. Kichupa kile cha mililita 6 alikinunua Birere kwa franka 5.000, pesa aliyopata kwa kufua nguo za watu mjini. Hakuwa anajipaka yeye. Alikuwa anauza kwa kupaka: kigololi cha kichupa kinapitishwa mara moja kwenye kila kiganja na mara moja shingoni, franka 100. Kichupa kikiisha, anapata mtaji wake na karibu franka 5.000 juu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sombe na chumvi ya watoto wake wanne. Baada ya maneno yangu, majirani walianza kumwita “mke wa sultani”. Wateja waliona haya, wakaacha kuja.

Nikamuuliza wateja wake walikuwa nani. Akanionyesha binti wa hema la pili, ambaye alikuwa anatafuta kazi za nyumbani mjini. Binti akasema: “Nikifika mlangoni, wanasikia moshi kwenye nguo zangu, wanajua natoka kambini, wanafunga.” Kwa franka 100 alikuwa ananunua nafasi ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Baadaye niliuliza pia kuhusu yale mafuta yenyewe. Marashi ya kupuliza yana alkoholi, nayo huruka upesi. Ya mafuta hayana alkoholi, kwa hiyo harufu hutoka polepole na kukaa karibu na ngozi. Ndiyo maana tone dogo linamtosha mtu kwa saa nyingi. Waarabu wamezoea mafuta ya namna hii tangu zamani: waridi wa Taif huko Saudia, na udi, unaotoka kwenye miti ya Asia iliyopatwa na ukungu ndani ya mbao. Udi wa kweli ni ghali sana. Kichupa cha franka 5.000 kina harufu za kiwandani tu, na jumba lile la dhahabu ni picha. Lakini mama hakumdanganya mtu. Hakusema anauza Uarabuni. Aliuza harufu isiyo ya moshi.

Wiki ile niliomba dakika moja hewani, nikasema nilikosea. Studioni hakuna aliyecheka. Mama aliniambia wateja wachache walirudi, si wote. Neno la redio hutoka upesi, lakini kulirudisha ni kazi.

Mwezi wa pili 2025 kambi za Goma zilivunjwa, kila familia ikashika njia yake. Mama, kama unasoma hapa, nakuomba tena msamaha, mbele ya watu wote safari hii.

Na kwenu mnaouza mafuta hayo: msimpake mtoto mchanga wala mtu mwenye kidonda, na mteja mpya mjaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, maana ngozi nyingine huwasha.

Nami siku hizi nikisikia harufu nzuri mahali pa shida, nasimama kwanza na kuamkia.