Fukusi Si Aibu

Akina mama wenzangu, leo naomba tuzungumze juu ya fukusi. Najua wengi wetu hatupendi hata kuwataja. Mgeni akimwona mmoja katika ungo wa mchele tunajiona tumeitwa wachafu, hasa mgeni huyo akiwa mama mkwe. Lakini fukusi haletwi na uchafu. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu. Mwezi mmoja hivi baadaye mdudu mpya hujitokeza. Huenda ulimnunua sokoni pamoja na mchele wako.

Aibu hiyo ndiyo inayowapeleka baadhi yetu kununua vile vidonge vya gesi vinavyotiwa katika magunia ya nafaka. Mimi ni muuguzi, nami sipendi kabisa kuviona nyumbani. Katika kuwatembelea akina mama wa kanisa letu hapa Morogoro, nilikuta gunia lenye vidonge hivyo katika uvungu wa kitanda cha watoto. Mama yule alikuwa akiogopa wezi, ndiyo maana hakuliweka stoo. Usiku ule watoto walilala kwa jirani, na nyumba ikaachwa wazi ipitishe hewa.

Kidonge kile kikipata unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, nayo haibagui fukusi na mtoto mchanga. Hupenya gunia, hupita katika nyufa hadi chumba cha pili. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hubanwa kifua, na wazazi hudhani ni malaria. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Hospitalini tutamsaidia mgonjwa kupumua na kuutunza moyo wake, basi. Ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza karibu na nafaka, toa watu wote nje upesi, na anayeumwa apelekwe hospitali. Mweleze daktari wazi kwamba vidonge vilikuwamo nyumbani. Wala usingoje harufu, maana mara nyingine haisikiki.

Mchele wenye fukusi wachache upepete, uoshe, upike, hautamdhuru mtu. Mwenye friza augandishe kwa wiki moja, kisha autie katika chombo chenye kifuniko kinachobana.

Kwa mahindi na maharage ya msimu mzima, tafuta ile mifuko yenye nailoni mbili nzito ndani na kiroba nje. Jaza, kamua hewa, funga kila nailoni peke yake kwa kamba. Wadudu huimaliza hewa iliyobaki, wakafa bila sumu yoyote. Usifungue fungue.

Ila nafaka iwe imekauka kweli. Tia mahindi kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, utikise, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mahindi mabichi yakifungiwa huota ukungu, na sumu ya ukungu haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Baba akilalamika kwamba mfuko huu ni ghali kuliko kiroba cha kawaida, mwambie hutumika zaidi ya msimu mmoja, mradi panya wasiutoboe.