Jinsi Tulivyoiunganisha Kompyuta Mpakato ya Shule

Watu wengi wakisikia neno "mtandao" hudhani ni intaneti tu, na kwamba shule isiyo na fedha za kununua bando kila mwezi haina haja nao. Mimi nimeona kwa macho yangu kuwa sivyo. Katika muhula huu chama chetu cha kompyuta kilipewa kazi ya kutayarisha kompyuta mpakato moja pamoja na vifaa vyake, na kuiunganisha na kompyuta za zamani za shule. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu jinsi kazi ilivyokwenda, maana huenda ikawafaa wazazi na wenzetu walio na mashine kama hii.

Siku tulipokabidhiwa mashine hiyo Mkuu wa Shule alituambia wazi, "Nawapeni hadi mwisho wa muhula. Nikiona inatumiwa na watu watatu tu, nitaichukua ofisini iandike barua." Hatukuona ubaya katika maneno hayo, kwani ofisi nayo ina shida zake. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutaka ibaki kwa wanafunzi. Rafiki yangu tunayesoma naye Kidato cha Tatu ana uoni hafifu. Maandishi ya ubaoni hayaoni hata akikaa dawati la mbele, na vitabu vya kiada humchosha macho baada ya kurasa mbili tatu. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nikimsomea. Nilifanya hivyo kwa moyo mkunjufu, lakini sote wawili tulijua kwamba siku nikiugua mimi, yeye hasomi.

Jambo la kwanza lilikuwa umeme. Mwalimu wetu alitufundisha kusoma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja kabla ya kuichomeka. Chaja yetu yaweza kupokea volti 100 hadi 240, na umeme wa nchini ni volti 230, basi hapakuwa na hofu. Kutoka upande wa pili hutoa volti 19 tu, za mkondo mnyoofu. Ndiyo sababu haifai kuazima chaja ya mtu mwingine kwa kuwa tu ncha yake inaingia katika tundu. Volti zikizidi, mashine yaweza kuungua.

Tulipoiwasha ilituuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa majira. Hapa yafaa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waelewe kwamba kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Yenyewe huanza usiku wa manane, kwa hiyo saa 2 yetu ya asubuhi huiandika 08:00. Tulichagua majira ya Nairobi, ambayo ndiyo yetu pia, yaani saa 3 mbele ya Greenwich. Tarehe isipokuwa sahihi si aibu ya saa tu. Tovuti nyingi hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine iliyo nyuma kwa miaka huviona vyote kuwa batili.

Kisha tukagawa ruhusa. Msimamizi ni mmoja, naye ni mwalimu. Yeye peke yake ndiye awezaye kuweka programu mpya au kuondoa ya zamani. Wanafunzi wana mlango wao, na walimu wana wao, kila mmoja kwa neno lake la siri. Baadhi ya wenzetu walinung'unika kwamba tunawekewa mipaka, lakini nyumba yenye funguo mia mikononi mwa watu mia haina mlinzi.

Vifaa vya pembeni vilitupa kazi kidogo. Kipanya na kibodi havikusumbua. Diski ya nje ndiyo iliyokuwa ikilia "tik, tik" kisha inapotea katika orodha. Sababu yake ni hesabu ya Fizikia. Tundu la USB la aina ya 2.0 hutoa mkondo wa miliampia 500 basi. Sisi tulikuwa na kigawanyio kimoja chenye matundu manne, nacho kilibeba diski, kipanya, kibodi na kamera, vyote vikinywa katika kikombe hicho kimoja. Mwalimu aliichomeka diski katika tundu lake yenyewe, la aina ya 3.0 linalotoa miliampia 900, nayo ikatulia tangu siku hiyo.

Sasa nije kwenye mtandao wenyewe. Mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa zikaweza kupeana habari. Hata intaneti, ambayo wengi hudhani inaelea hewani, sehemu yake kubwa ni nyaya: Julai 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi ukazipitia Dar es Salaam na Mombasa. Wetu ni mdogo, kutoka chumba cha kompyuta hadi chumba cha walimu na maktaba. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi 4. Zimesokotwa ili jozi moja isiingiliane na nyingine, na rangi zake hupangwa kwa utaratibu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Utaratibu huu lazima uwe mmoja katika ncha zote mbili.

Waya wa namna hii haufai kupita mita 100, kwani zaidi ya hapo ujumbe hudhoofika. Tulipopima kwa utepe wa somo la Jiografia tukaona kwamba maktaba iko mita 130 kutoka chumba cha kompyuta. Wengine walitaka tuiache maktaba. Mimi nilishikilia kwamba hapo ndipo wanafunzi wanapokaa jioni, na ndipo rafiki yangu angeweza kusoma. Mwalimu akatuonyesha stoo ya Jiografia, ambayo ipo katikati na ina umeme. Tukaweka humo swichi ndogo ya mtandao, waya ukafika hapo kwa mita 70, ukaendelea kwa 60 zilizobaki.

Kila kompyuta ilipewa anwani. Nambari zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na mtu yeyote aweza kuzitumia nyumbani au shuleni mwake bila kuomba ruhusa. Mpakato tuliipa 192.168.1.10, na nyingine zikafuata kwa zamu, maana anwani mbili zikifanana ujumbe hupotea njia. Ili kujua kama zinasikiana kuna amri iitwayo "ping". Mimi huwaeleza wadogo zetu kwamba ni kubisha hodi. Unaandika neno hilo na anwani ya mwenzako, na akiwapo huitika mara moja. Asipoitika, usikimbilie kulaumu mashine. Tazama kwanza waya, kisha swichi, kisha anwani, na mwisho ukuta wa ulinzi wa kompyuta, ambao mara nyingine huwafungia nje hata wageni wa heri.

Zilipoitikiana zote tukaweka mali ndani. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo huwezesha kusoma kamusi elezo ya Wikipedia bila intaneti. Iliyo ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2003, ni ndogo na huenea katika flashi ya kawaida. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni karibu gigabaiti 100, nayo tuliiweka katika ile diski. Kadhalika tulitengeneza folda ya walimu. Mwalimu akichapa maelezo ya somo lake katika chumba cha walimu, huyaweka humo, na mwanafunzi huyafungua maktaba dakika hiyo hiyo. Hakuna bando linalotumika, wala flashi za kubebeshana virusi. Tuliiagiza pia mpakato isilale inapofungwa kifuniko, kwa sababu ikilala yenyewe, maktaba yote imelala. Na tumeichagua iwe mtunzaji wa mafaili kwa kuwa ina betri yake. Umeme ukikatika ghafla haizimiki, na mafaili hayaharibiki.

Jioni ya kwanza nilimketisha rafiki yangu mbele ya kompyuta ya maktaba, nikafungua maelezo ya Biolojia ya wiki ile. Nikamwonyesha kwamba akibonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, herufi hukua. Akabonyeza mara moja, mara mbili, hata herufi zikawa kubwa kama za kichwa cha habari. Nikafungua kinywa nianze kumsomea kama desturi. Akainua mkono akasema, "Ngoja kwanza." Akasoma mwenyewe, polepole, mstari kwa mstari, hata kengele ya kulala ikagonga. Mimi nilikaa kando nikafanya hesabu zangu, na sikujua niseme nini.

Wiki ya mwisho ya muhula Mkuu wa Shule alikuja maktaba bila kutangaza. Alikuta kompyuta zote zina watu, na wengine wamesimama wakingoja zamu. Rafiki yangu hakumwona alipoingia, akaendelea kusoma. Mkuu alisimama nyuma yake kwa muda, akatazama zile herufi kubwa, kisha akamwuliza mwalimu wetu kama yawezekana maelezo ya masomo yote yawekwe humo, si ya Biolojia na Historia tu. Habari ya barua za ofisini hakuitaja tena. Tangu siku hiyo printa ya chumba cha walimu nayo imeunganishwa katika mtandao, na barua za ofisi huchapwa huko huko.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wasingoje fedha za intaneti ndipo waanze. Kompyuta moja iliyo peke yake ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, bali ikiunganishwa na zile kuukuu zinazokusanya vumbi, elimu iliyomo huwafikia wengi. Walimu ambao bado hawajaleta maelezo yao tunawaomba wayalete, nasi tuko tayari kuwasaidia kuyachapa. Wazazi nao wakipata nafasi siku ya mkutano, wapite maktaba wajionee. Na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wanaotaka kujifunza kuunga nyaya, chama chetu hukutana kila Jumatano baada ya vipindi. Waje na daftari. Koleo na nyaya tunazo.