HOFU ULIYORITHI NYUMBANI



Wazazi wangu waliachana nikiwa darasa la nne. Hawakuwa watu wa kelele. Walinyamaziana miezi mingi, kisha mama akaondoka. Ndiyo maana katika ndoa yangu kelele hainitishi. Kimya ndicho hunitisha. Mke wangu akinyamaza jioni, moyo wangu huwaza kwamba anaondoka.

Soma Mwanzo 12 na 20. Abrahamu, kwa kuogopa kuuawa, alisema Sara ni dada yake. Isaka alikuwa hajazaliwa. Lakini ukifika Mwanzo 26, Isaka anasema vivyo hivyo kuhusu Rebeka, kwa hofu ile ile. Hakuyaona ya baba yake, lakini aliyarudia.

Hata hivyo Ezekieli 18 yasema mwana hatauchukua uovu wa baba. Talaka ya wazazi wako si hukumu juu ya ndoa yako. Ila hofu isiyotajwa huendelea kutawala.

Itaje. Nyinyi mnaochumbiana, ulizaneni kabla ya mahari: kwenu wazazi wakikosana, nini kilifuata? Mimi nilimwambia mke wangu. Siku hizi akinyamaza huniambia, "Nimechoka tu, baba. Siendi popote."

Mungu aiponye nyumba yako. Amina.