Barua kutoka Minneapolis: Bomba Likiganda, Nyumba Ikipoa

Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na ndani ya bomba hakuna nafasi ya kupanukia. Minneapolis, ambako mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, hiyo ni dharura ambayo mgeni kutoka Mombasa au Mwanza hajawahi kuiwazia. Mara nyingi kinachopasua bomba ni msukumo wa maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa. Ndiyo sababu usiku wa baridi kali koki zilizo upande wa kuta za nje huachwa zikidondosha maji kidogo, na milango ya kabati la sinki huachwa wazi ili joto la chumba lifike ndani.

Koki ikifunguliwa kabisa na bado ikitoa matone tu, bomba limeganda. Koki iachwe wazi, kisha bomba lipashwe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kuanzia upande wa koki na kurudi nyuma, ili maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Moto wa wazi haufai kabisa, kwani nyumba nyingi za huku ni za mbao. Bomba likishapasuka, jambo la kwanza ni kufunga valvu kuu. Kwa kawaida iko kwenye chumba cha chini ya ardhi, karibu na mita, pale bomba la mtaani linapoingia ukutani. Wakati wa baridi kali fundi bomba huweza kuchelewa saa nyingi, na maji hayamsubiri. Kila mkazi wa nyumba, pamoja na watoto wakubwa, aonyeshwe valvu hiyo kabla theluji haijaanza.

Tanuru la gesi linalopasha nyumba joto likizimika, penye kosa huwa padogo mara nyingi: chujio limejaa vumbi, swichi ya umeme imejizima, au theluji imeziba bomba la kutolea moshi nje. Hayo mwenyeji hujikagulia. Harufu ya gesi ni jambo jingine: watu watoke mara moja bila kugusa swichi yoyote, na simu ipigwe wakiwa nje.

Hatari kubwa kuliko zote huja pale familia inapotafuta joto mbadala. Aliyezoea jiko la mkaa amelitumia uani, au katika nyumba inayopitisha hewa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Umeme ulipokatika Texas Februari 2021, watu walifariki kwa kaboni monoksaidi baada ya kuwasha mkaa, jenereta au magari ndani ya nyumba na gereji. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na wengi hudhani ni mafua. Mkaa usiingizwe ndani, hata kwa dakika chache, hata mtoto akitetemeka. Hita ya umeme iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, mbali na mapazia, au hifadhi kwa jirani, ni salama zaidi.

Mpangaji naye ana haki zake. Sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba aweke kengele ya kaboni monoksaidi karibu na kila chumba cha kulala, na tangu 2024 inamtaka ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 20 kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Anayeachwa kwenye baridi amwandikie mwenye nyumba, na nakala ya barua hiyo aitunze.